Mgonjwa akitoka wodini akarudi jumuiyani, nesi anaishia wapi? Naomba uzoefu wenu

nesi_kanda_ya_ziwa

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni nesi hospitali ya kanisa huku kanda ya ziwa, wodi ya wanawake. Juzi paroko kaniita baada ya misa ya pili akaniambia halmashauri ya walei imekaa, wanataka mtu wa afya awasaidie na wagonjwa walioko majumbani, maana jumuiya ndogondogo za waumini zinawatembelea ila zikifika hazijui cha kufanya, wanasali, wanaimba, wanaacha sukari na sabuni wanaondoka. Nimefurahi kwa kweli sababu hili jambo linaniuma muda mrefu. Wodini tunajitahidi, mgonjwa anageuzwa, anaoshwa, dawa kwa saa, halafu anapewa ruhusa anaenda nyumbani na karatasi ambayo hata mtoto wake hawezi kusoma mwandiko, na habari zake tunazijua tena siku anarudishwa na vidonda vya mgongo.

Ila nina wasiwasi na ndo maana nauliza. Kuna mama mmoja ana saratani ya shingo ya kizazi, anaenda mionzi. Kwenye jumuiya yake alimwambia mtu mmoja tu. Jumapili ikasomwa kwenye matangazo, tumwombee mama fulani anayesumbuliwa na saratani ya kizazi, jina na kigango vyote. Aliyepeleka nia ile alimpenda sana yule mama, hakuna ubaya alioutaka. Lakini tangu siku ile mama haendi tena jumuiya, watu wanamnong'ona kaipata wapi, mume kanuna, na mionzi kakosa siku mbili kwa sababu gari anayopanda ndo hiyo hiyo wanayopanda waumini wenzake.

Na wodini kwenyewe, saa kumi jioni jumuiya nzima inazunguka kitanda kimoja, pambio juu, kitanda cha pili kuna bibi wa kiislamu katoka theatre asubuhi anataka kulala tu. Nani kamuuliza? Hakuna.

Sasa nauliza hivi: mimi nikikubali hii kazi ya parokia naanzia wapi, na mpaka wangu ni upi? Maana mgonjwa ni wa hospitali, ni wa familia, ni wa kanisa, kila mtu anamvuta upande wake na yeye mwenyewe katikati kanyamaza.

sista_mstaafu

Marahaba mwanangu. Kubali hiyo kazi, usikatae.

Nimefanya wodi maisha yangu yote ya kazi, hospitali za serikali na za misheni, na nikwambie kitu kimoja, jibu la swali lako lipo kwenye sentensi yako ya mwisho. Yeye mwenyewe katikati kanyamaza. Basi anzia hapo, muulize yeye. Sio mume, sio mwenyekiti wa jumuiya, sio paroko. Tunajaza fomu ya kumlaza mgonjwa, sehemu ya dini tunaandika RC (Mkatoliki) au Mwislamu au KKKT (Mlutheri), tunafunga faili, kana kwamba tumeshamjua. Hujamjua bado. Kuna RC ambaye hajakanyaga kanisani miaka na hataki padre, na kuna mwingine anayetaka padre kesho asubuhi na anaona aibu kuomba kwa sababu anaona manesi mko bize.

Kuna maswali manne aliyapanga daktari mmoja Marekani, Christina Puchalski, mwaka 1996, yanafundishwa kwenye vyuo vingi, mimi nayasema kwa lugha yetu hivi. La kwanza, mama, kuna imani au jambo linalokupa nguvu wakati kama huu? La pili, lina uzito gani kwenye maamuzi yako ya matibabu? La tatu, kuna watu wa imani yako ungependa wawe karibu nawe? La nne, ungependa sisi tukusaidie vipi kwenye hilo? Basi. Unauliza huku unamfunga dripu au unamchana nywele, huna haja ya kubeba karatasi kama mtu wa sensa. Na hilo la tatu ndo lingemwokoa mama yako wa mionzi, maana angesema namtaka fulani tu, wengine bado.

Na akisema hataki, unaandika kwenye faili kuwa hataki ili zamu ya usiku isianze kumuuliza upya.

Hili la padre pia niliseme maana linatusumbua sana. Familia zinakataa padre asiitwe, wanasema akija mgonjwa atajua anakufa. Mtaguso wa pili wa Vatikano mwaka 1963 ulishasema mpako wa wagonjwa, ile sakramenti ya kupakwa mafuta, sio wa wanaokata roho peke yao, lakini huku kwetu watu bado wanauogopa kama jeneza. Kwa hiyo paroko wako mwambie asisubiri kuitwa usiku wa manane. Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, aliiweka Papa Yohane Paulo wa pili, parokia nyingi wanapakwa wagonjwa wengi kwa pamoja siku hiyo, hata mwenye presha anayetembea mwenyewe. Wakizoea kuona watu wanapakwa na kurudi shambani, hofu inapungua.

mkweli_tu

Mi naona hapa tunachanganya mambo. Hospitali ni hospitali. Mtu kaja kutibiwa figo unamuuliza mambo ya imani yake inakuhusu nini? Nesi mmoja zamu ya usiku ana wagonjwa arobaini, dawa zenyewe zinachelewa, mnataka aanze kuuliza maswali manne ya kiroho. Dini ibaki getini, nje ya muda wa kutazama wagonjwa mtu asiingie. Na kuna manesi wanatumia hiyo nafasi kuhubiria watu wasioweza hata kuinuka kitandani wakimbie.

ukhti_mombasa

Mkweli_tu hilo la mwisho ni kweli kabisa na nakuunga mkono, mgonjwa aliyelala hana pa kwenda, kumhubiria ni kumuonea. Uingereza mwaka 2008 kuna muuguzi wa majumbani alisimamishwa kazi kwa kumuuliza mgonjwa kama angetaka aombewe, mwaka uliofuata akarudishwa, watu wakabishana sana. Lakini hilo la getini mie silikubali, nikwambie kwa nini.

Niko Mombasa, wodi ya wanaume. Mzee kawekwa katheta, mpira wa kutolea mkojo, mguu umefungwa plasta, ataka kuswali na hajui afanyeje kwa sababu ahisi ana najisi. Basi hali chakula, hasemi na mtu, wenzangu wanaandika mgonjwa hashirikiani. Mzee hakuwa na kiburi, alikuwa na huzuni. Nikamkumbusha hadithi ya Imran bin Huswayn, alikuwa na maradhi ya bawasiri akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akaambiwa swali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, usipoweza kwa ubavu. Na maji yasipowezekana kuna tayammum, kujitwaharisha kwa udongo safi. Imamu wa hospitali akaja akamthibitishia na lile la mfuko wa mkojo kuwa ana udhuru. Mzee yule jioni alikula. Sasa niambie hapo dini imechukua muda wa dawa ama imeisaidia dawa?

Halafu Ramadhani. Wagonjwa wa sukari wafunga kisiri, wanaficha, kwa sababu wakisema daktari atawagombeza. Qur'ani imempa ruhusa mgonjwa, lakini ukimwambia tu usifunge hakusikizi, anakuitikia naam halafu yuafunga. Sisi msikiti wetu twakaa nao kabla, mwezi wa Shaabani, kila mmoja apitie kwa daktari apangiwe dawa zake upya, na yule ambaye hafai kabisa kufunga aambiwe na daktari na sheikh wakiwa wamekaa pamoja, hapo atasikia. Na anayefunga ajue kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9 mmol/L afungue saa hiyo hiyo, asingoje adhana. Kupima damu kidoleni hakuvunji saumu, wengi hawajui wanaacha kupima ndio wanazimia.

Nesi dadangu, hata sisi hii kazi si ngeni. Vita vya Khandaq, sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa, hema la Rufaida, mwanamke aliyeuguza majeruhi, lilikuwa ndani ya msikiti wa Madina, akauguziwa pale. Msikiti na wodi vilikuwa pahali pamoja.

Na yule bibi wa kitanda cha pili, muombee radhi. Kisha mvutie pazia, mgeuzie kitanda kama aelekea kibla na nafasi yaruhusu, na kama kuna nesi wa kike wa kumuosha basi awe huyo huyo.

nesi_minnesota

Habari za huko wapendwa. Mimi ni mtanzania niko Minnesota, kazi yangu ya mshahara ni hospitali, na kanisani kwetu ni muuguzi wa usharika, kwa hiyo hilo swali la mpaka ni upi naliishi kila wiki.

Huku hii kitu ilianza rasmi na mchungaji wa kilutheri anaitwa Granger Westberg, mwaka 1984, hospitali ya Lutheran General pale Park Ridge karibu na Chicago, manesi sita wakapangiwa makanisa. Ikakua, mwaka 1997 chama cha wauguzi Marekani kikaitambua kama fani kamili ya uuguzi, na baadaye jina likapanuliwa ili misikiti na masinagogi na wengine waingie humo.

Sasa sikiliza dada, jambo lililosaidia kuliko yote ni kwamba walisema mapema huyu nesi HAFANYI nini. Hachomi sindano kanisani, habadilishi dozi, hafanyi kliniki kwenye ofisi ya mchungaji. Anafundisha, anasikiliza, anampeleka mtu panapohusika na anafuatilia kama kweli alifika, anawapanga wanaojitolea, anamsemea mgonjwa pale asipoweza kujisemea. Ukianza kuchoma sindano nyumbani kwa watu kwa kuwa ni waumini wenzako, siku dawa imemdhuru mtu utajibu nini kwenye baraza la wauguzi, na hospitali yako itasema haikukutuma. Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo muombe paroko barua, iandikwe kazi zako, na metroni wako naye ajue, apewe nakala.

Kuhusu siri. Leseni yako haivuliwi mlangoni mwa kanisa, ulichoambiwa kwenye benchi la kanisa baada ya ibada ni siri ile ile ya wodini. Sisi anayepeleka maombi kwenye matangazo anaulizwa, je mwenyewe karuhusu jina? Karuhusu ugonjwa utajwe? Kama hapana tunasema tu tuwaombee wagonjwa wetu, Mungu anawajua. Mwanzoni watu walilalamika tunaficha, ila waliozoea kujificha wakaanza kusema wenyewe, kwa sababu sasa waliona kuna mlango unaofungwa.

mtoto_wa_mgonjwa

Mimi sio nesi ila naomba niseme. Baba alipata stroke. Watu wa kanisa walikuja wengi sana Mungu awabariki, lakini nitawaambia ukweli ule wingi ulituchosha, mama alikuwa anapika chai ya watu badala ya kumgeuza baba. Siku moja wamama wakaleta uji wakamnywesha amelala chali, akapaliwa, tukarudi hospitali kifua kimejaa. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kwamba mtu wa stroke lazima akalishwe wima, apewe kidogo kidogo na abaki amekaa kama nusu saa baada ya kula.

Aliyetusaidia kuliko wote ni kijana mmoja wa kwaya, alikuwa anakuja jioni, haongei sana, anatusaidia kumgeuza kisha anakaa na baba mama aende kulala. Ikatuwezesha kumgeuza kila masaa mawili hata usiku maana tulikuwa na zamu. Baba hakupata kidonda hata kimoja mpaka anafariki. Kama parokia itafundisha vijana wa hivyo hata watano tu mtakuwa mmefanya kazi kubwa.

sista_mstaafu

Mwanangu pole sana. Hilo ulilolisema wodini tulipaswa kuwafundisha ninyi kabla ya karatasi ya ruhusa, na sio kuwaambia tu, mlitakiwa mfanye wenyewe mbele yetu, mumgeuze, mumlishe, tuwaone. Ukimuuliza ndugu umeelewa atasema ndiyo sista. Mwambie nionyeshe, hapo ndo utajua.

tiba_shufaa_kampala

Nimefika kwa kuchelewa, niko Kampala ila nimesomea Arusha. Naongelea maumivu, maana nesi wa kanda ya ziwa una mgonjwa wa saratani ya kizazi na hakuna aliyeuliza anaumwa kiasi gani.

Mama Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kutunza wagonjwa wasiopona) ya St Christopher's London 1967, alikuwa nesi kabla hajawa daktari, na katikati hapo alikuwa ofisa ustawi wa jamii, ndo maana aliona maumivu yana pande nyingi, ya mwili, ya moyo, ya familia na pesa, na ya roho. Mgonjwa wako kauli za watu zinamuuma, nauli inamuuma, mume aliyenuna anamuuma. Ukimpa paracetamol pekee utasema dawa haifanyi kazi. Ila na kinyume chake pia, ukimuombea mtu ambaye tumbo linamkata bila kumpa dawa, hasikii hata hayo maombi. Punguza maumivu kwanza ndo uone mtu anavyosali!

Mofini ya maji ipo. Uganda tangu 2004 hata wauguzi waliosomea tiba shufaa (tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito) wanaruhusiwa kuiandika, kazi kubwa ilifanywa na Hospisi Afrika Uganda ya Dk. Anne Merriman iliyoanza 1993. Tanzania anaandika daktari, hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar wanaitengeneza, na hospitali kadhaa za KKKT zina timu za tiba shufaa zinazotembelea majumbani, Selian pale Arusha ni mojawapo, na wanaojitolea wanatoka kwenye sharika zenyewe. Kwa hiyo ulizia ya karibu na wewe. Inanywewa kila masaa manne, dozi ya wakati wa kulala inakuwa mara mbili ya kawaida ili maumivu yasimwamshe, na lazima aandikiwe na dawa ya kulainisha choo, asipopewa ataacha mofini mwenyewe. Watu wa jumuiya wataogopa watasema anapewa madawa ya kulevya, kaa nao uwaeleze kwamba mwenye maumivu ya saratani anayefuata dozi hatutarajii awe teja.

Na harufu. Wagonjwa wa kizazi wanajitenga kwa sababu ya harufu kuliko hata kunong'onwa, na hawatasema. Muulize mkiwa wawili tu. Metronidazole, dawa ya kuua bakteria, inasaidia sana, ongea na daktari wake aione hiyo hali. Mama asiponuka atarudi jumuiya bila hata kubembelezwa.

mkweli_tu

Nimesoma yote. Nakubali nilikuwa nafikiria wahubiri wanaopita wodini na spika, sio haya mnayosema. Ila jibuni na hili, je kiongozi wa dini akimwambia mgonjwa wa ARV umepona acha dawa? Hili lipo, msilikwepe.

nesi_minnesota

Lipo, na gumu lake ni kwamba wakati mwingine mgonjwa anakuja na karatasi ya kipimo mkononi. Wingi wa virusi umepimwa, karatasi inasema havionekani, kanisani inasomwa kama ushuhuda. Havionekani kwa sababu ya dawa, akiacha vinarudi. Mimi sibishani na mtu kama Mungu anaponya, mimi mwenyewe naamini. Nakaa na mchungaji kabla halijatokea, namuonyesha ile karatasi maana yake nini, nakubaliana naye kwamba hakuna mtu madhabahuni anaambiwa aache dawa, ya HIV, ya presha, ya kifafa, ya TB, yoyote, anayeiacha ni mgonjwa na daktari wake wamekaa. Wachungaji wengi wakielezwa kwa heshima wanaelewa haraka, wengi hawajawahi kuelezwa.

ukhti_mombasa

Na huku ni vivyo hivyo na kombe (maji ya aya za Qur'ani anayonyweshwa mgonjwa) na ruqya (kumsomea mgonjwa Qur'ani). Mgonjwa asomewe, hakuna ubaya, na dawa zake zikae mezani pale pale anaposomewa.

nesi_kanda_ya_ziwa

Jamani sijui niseme nini, Mungu awabariki, nimeandika kwenye daftari karibu yote. Mama sista_mstaafu asante. Leo zamu yangu ilipoisha nimekaa na yule mama, tumeongea wawili tu kama mlivyosema. Maumivu ya usiku anayo na hajawahi kumwambia mtu kliniki, anasema aliona aibu. Daktari ataonana naye kesho. Kuhusu jumuiya kasema anamtaka mama yake wa ubatizo na mwanamke mmoja mwingine wa kumsindikiza kwenye mionzi, wengine wasubiri.

Paroko nimemwambia barua kwanza, kakubali, na matangazo ya wagonjwa yatapitia kwangu kabla hayajasomwa. Tutaanza na vijana wa kwaya na wamama wachache wa WAWATA (wanawake wakatoliki), nitawafundisha kugeuza mgonjwa, kulisha, kuosha, wafanye mbele yangu.

Swali moja la mwisho. Halmashauri inataka kila mwezi niwape orodha ya wagonjwa na magonjwa yao ili wapange msaada wa pesa. Niwape?

nesi_minnesota

Usiwape magonjwa. Wape idadi na mahitaji, kwa mfano wagonjwa sita, wawili wanahitaji nauli ya hospitali, mmoja godoro, mmoja mtu wa kukaa naye usiku. Pesa inapangwa vizuri tu kwa hiyo karatasi. Jina linatajwa kwa yule aliyekuruhusu mwenyewe, na uandike tarehe aliyokuruhusu. Daftari lako lenye majina likae kwenye kabati lenye kufuli, sio kwenye ofisi ya parokia ambako kila mtu ana ufunguo.

sista_mstaafu

Na sio kwenye grupu la wasapu la jumuiya. Hata picha ya mgonjwa kitandani wasipige, hata kama ni ya kuchangishia.